Ukuta wa Bi Zuwena

Tangu wakuu wa Mji Mkongwe waagize kila nyumba ipakwe rangi inayosikia, kuta zilijichora zenyewe. Lililosemwa ndani leo, kesho asubuhi lilikuwa picha nje, na watalii walimiminika vichochoroni kutazama.

Bi Zuwena alisahau mara moja tu. Jirani yake, Bi Shinuna, alimletea visheti vya futari, naye akamwambia mumewe, "Baba Suhaila, hivi si visheti, ni kokoto."

Asubuhi ukuta wao ulimwonyesha Bi Shinuna akikaanga kokoto kwenye karai. Mwenyewe alikuja, akatazama, akasema taratibu, "Angalau kanga yangu imetoka vizuri," akaenda zake.

Sahani ya jirani hairudi tupu, basi Bi Zuwena aliirudisha na kaimati, akaomba radhi. Kisha akaapa kutofungua tena kinywa ndani ya nyumba. Hata chumvi alimwomba mumewe kwa ishara za mikono.

Siku ya nne Bi Shinuna, mwenye moyo safi, alileta uji. Wakati wa kufuturu Bi Zuwena alionja, akameza kwa taabu, hakusema neno.

Asubuhi mumewe alimvuta nje. Ukutani Bi Shinuna alikuwa akikoroga saruji kwa sepeto.

"Umesema nini tena?" mumewe alinong'ona.

"Sikusema kitu. Niliwaza tu."

Mumewe akaukodolea macho upande wa ukuta uliobaki mtupu, jasho likimtiririka.