Mate ya Mkwe

Magoti ya Mzee Chitemo yalivimba, na dawa yake ilikuwa mate ya mkwewe. Sheria ilitaka kila nyumba iwe na mtafunaji, kwa sababu mwarobaini ulituliza uvimbe ndani ya seli pale tu ulipotafunwa na mtu aliyepimwa akafaa. Kwa Chitemo alifaa Nyamizi, mke wa mwanawe. Akatema kikombeni rojo la kijani lenye povu.

“Kunywa, baba, lingali vuguvugu.”

“Mkwe wangu, hata kijiko chako sijawahi kukigusa!”

“Mimi natafuna tangu alfajiri. Wewe kumeza tu kunakushinda?”

Mzee akameza. Mwezi wa tatu akatembea. Nyamizi akampakulia mchuzi uliojaa chumvi, akauliza kama umekolea.

Magoti mawili yamepona. Nyamizi ameng'oka meno manne, na ulimi wake hauonji tena.