Hodi ya Tatu

Chini ya mlima, katika mgodi uliokwisha dhahabu, Mwanaidi alikuwa amezeeka akipima kasi ambayo nyota hupikia oksijeni. Mtambo ulirusha chembe kwenye bamba jembamba. Chembe zikiungana kama ziunganavyo tumboni mwa nyota, kengele ya kipimo kilichokuwa kando ililia mara moja. Kwa mwezi haikuzidi mara mbili. Ikilia, yeye na fundi wake Kilango waliitikia, "Karibu!" kama waliobishiwa hodi.

Asubuhi hiyo Kilango aliuzima mtambo ili ausafishe. Kengele ikalia.

"Karibu!" akaitikia kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo.

Mwanaidi alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta wa matofali ya madini ya risasi unaokinga kipimo dhidi ya miale ya nje. Yote yalikuwa ya risasi kongwe, iliyokwisha kuishiwa miale yake yenyewe, isipokuwa moja jipya, ambalo bado lilitoa miale, aliloziba nalo pengo mwaka wa kwanza wa kazi, akisema, "Moja tu litafanya nini?"

Alilichomoa, akaliegemeza kwenye kipimo chenyewe. Hadi adhuhuri kengele ilikuwa imelia mara tatu.

"Mama, labda hodi nyingine za nyuma zilikuwa za nyota kweli," Kilango alisema.

"Zipi, mwanangu? Katika miaka kumi na tisa, zipi?"

Kilango alilibeba tofali, akatoka nalo. Kengele haikulia tena. Mwanaidi aliinamia kipimo.

"Hodi," alisema. Akangoja. "Hodi."

Ya tatu hakuitamka, maana ya tatu usipoitikiwa, huna budi kuondoka.