Kumbukumbu za Timu ya Daraja

Siku hizi wahandisi wanaosanifu daraja pamoja huunganishwa kumbukumbu, kila mmoja akiwa katika mji wake. Mwanahawa, mke wa mmoja wao, alidhani wanagawana mahesabu ya nguzo tu.

Asubuhi alimpelekea mumewe chai mezani kwake. Mhandisi wa Mwanza akamsalimu kwenye spika: "Shemeji, hongera. Ila huyo mtoto msimwite Mwantumu, mtafutieni jina la kisasa."

Kikombe kilimponyoka. Habari ya mimba alimnong'oneza mumewe peke yake, kitandani.

"Shekue, umewasimulia ya chumbani?"

"Wallahi sijasema neno, mke wangu. Ninachokiona mimi, nao wanakikumbuka. Vumilia, daraja likiisha tutatenganishwa."

Mwanahawa alimtazama mumewe machoni. Kisha, taratibu, akavuta mtandio akafunika nywele zake.