Nakala ya Kuharibiwa

"Iharibu vizuri," Bi Shaka alimwambia fundi wa programu. "Usinionee huruma."

Fundi alicheka, akavuta kiti karibu na kompyuta yake. "Kosa nilifiche wapi, dada?"

"Ukiniambia, huo utakuwa mtihani gani?"

Bi Shaka halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Ofisi nzima ilimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima programu, na tangu aajiriwe hakuna iliyopita mbele yake bila kuhojiwa kama mtuhumiwa. Hii ya sasa ndiyo iliyomnyima raha kuliko zote. Ilikuwa ya kuendesha pampu ya dripu: dawa kiasi gani iingie kwenye mshipa wa mgonjwa, na kwa kasi gani. Ikikosea, huenda asibaki mtu wa kuombwa radhi.

Jana yake majaribio yote yalipita. Kioo cha kompyuta kilikuwa kijani tupu, juu mpaka chini. Wenzake walipiga makofi. Yeye aliendelea kukikodolea macho kioo.

"Hiki kijani kinanitisha," alimwambia mkurugenzi. "Huenda programu ni nzima. Huenda pia majaribio yetu ni vipofu."

Basi usiku ule akakaa chini akatunga majaribio mapya, makali kuliko yale ya kwanza. Lakini nayo angeyaaminije? Ndipo lilipomjia wazo la kumtumia fundi. Fundi angechukua nakala ya programu na kutia humo kosa la makusudi, mahali anapopajua yeye peke yake. Programu yenyewe ingebaki pembeni, haiguswi. Majaribio mapya yakilikamata kosa, basi yana macho. Yakilipita bila kuliona, hakuna kitu kitakachotoka mle ofisini.

Mkurugenzi alipoelezwa alishika kichwa. "Hospitali wanaingoja leo. Mafundi wao wamekaa mkao wa kula."

"Waendelee kukaa."

"Mpaka mchana, basi. Baada ya hapo usinitafutie sababu nyingine."

Bi Shaka alipotoka kwa mkurugenzi alipishana kwenye korido na fundi aliyekuwa na simu sikioni, akielekea kwenye ngazi.

"Vipi nakala?"

"Iko palepale, dada," fundi alisema bila kusimama, wala hakumtazama. Bi Shaka akatabasamu. Alijua fundi anavyoshindwa kuzuia kicheko, akadhani anamkwepa asije akatoboa siri mwenyewe.

Akaifungua nakala, akaiachia majaribio mapya.

La kwanza kijani. La pili kijani. Yakaendelea hivyo, moja baada ya jingine, na kila kijani kilipowaka moyo wake ulizidi kuzama. Alishaanza kupanga maneno ya kumwambia mkurugenzi kwamba kazi yote irudi mwanzo, mara kioo kikawaka chekundu.

Alisogeza uso karibu. Umeme ukikatika ghafla kisha ukarudi, pampu ilisahau dawa iliyokwisha kuingia. Ilianza upya, kwa kasi ileile ya mwanzo. Umeme ukikatika tena, ilisahau tena.

"Mjanja wewe!" alisema kwa sauti, na nywele zikamsimama. Dawa ingezidi, mgonjwa angelala hivyohivyo, taratibu, asiamke, na muuguzi angeona mashine inafanya kazi kama kawaida. Ni mtu anayeijua programu kama mfuko wake tu ndiye angeweza kuficha kosa mahali pa kishetani namna ile.

Majaribio yaliyosalia yakapita. Akamwandikia fundi ujumbe: "Nimelikamata kosa lako. Una roho mbaya!" Hakujibiwa.

Mkurugenzi alichungulia mlangoni. "Enhe?"

"Majaribio yana macho."

"Na programu yenyewe?"

"Ilishapita jana. Kosa ni hilo moja la kutiwa kwenye nakala; mengine yote yamepita." Bi Shaka alitafuta cha kutilia shaka, akakikosa. "Nimeridhika."

"Hebu rudia hilo neno, niwaite watu walisikie."

Mkurugenzi akaenda kuituma programu hospitali, akipiga mluzi.

Jioni ilimkuta Bi Shaka nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya vuguvugu.

"Umeridhika?" mumewe alimtania. "Wewe? Nikuitie daktari?"

Simu ikaita. Alikuwa fundi, na sauti yake ilikuwa nzito, ya mtu aliyetoka kulia.

"Dada, nisamehe kwa kupotea. Asubuhi walinipigia kutoka shuleni, binti yangu ameanguka. Nilikimbia naye hospitali."

Bi Shaka alitoa miguu kwenye maji. "Jamani! Pole sana, ndugu yangu. Anaendeleaje?"

"Ametulia, analala. Tangu alasiri wamemfungia pampu yetu, yenye programu mpya. Umeme wa huku unakatika na kurudi, mama yake roho juu. Nimemwambia atulie, aliyeipima namfahamu."

"Analala vipi?"

"Usingizi mzito kweli. Hata tukimwita haitiki. Muuguzi anasema ni dawa, tumwache apumzike." Fundi akashusha pumzi. "Nilidhani utanikasirikia, dada, kwa kuiacha kazi yako. Simu ya shule ilinikuta hata sijaigusa ile nakala. Ndiyo nasoma ujumbe wako sasa hivi, na sijauelewa. Kosa gani hilo ulilolikamata?"