Mhuri wa Leo

“Mwenzangu, siku hizi kwako kimya hivyo, mnakula kweli?” Jirani alimuuliza hivyo juzijuzi, wakianika nguo.

“Tunakula, tena tunashiba,” alijibu. “Baba watoto tu ndiye hayupo.”

Baba watoto alikuwa gerezani, na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma rufaa yake. Wakili alieleza vizuri: mahakama haitazami barua imefika lini, inatazama mhuri wa posta. Ukigongwa leo, jaji atamsikiliza, na huenda akamwachia. Ukigongwa kesho, kifungo kinabaki palepale.

Mama mkwe, miguu imemvimba, alikaa kwenye benchi la nje ya posta, macho mlangoni.

“Shika vizuri hiyo bahasha, mwanangu. Jambo la nyumbani tu lile, wamelikuza. Usije ukaniletea habari za foleni.”

“Sawa, mama.”

Foleni ilijikokota. Joto, jasho, feni imekufa darini. Aliuhamishia mkoba kwenye mkono mzima; ule uliovunjwa nyumbani bado ulimuuma. Mjamzito akaguna nyuma yake, akampisha. Mzee mwenye mkongojo akakohoa, akampisha. Hata fundi cherehani mwenye kifurushi, kijana mzima wa afya, akaambiwa, “Tangulia, kaka, usije ukavunjika mgongo.”

“Dada, wewe peponi utaingia bila kupiga hodi,” fundi alicheka. “Ila dirisha nalo linakaribia kufungwa.”

Likafungwa kweli, zamu yake ikiwa ndiyo inafika. Karani akageuza kibao.

“Kesho, mama.”

“Haya,” alisema, akashusha pumzi.

Alikuwa ameshageuka aliposikia dirisha likifunguliwa tena. Karani alikuwa ameyaona maandishi juu ya bahasha.

“Kumbe ya mahakamani? Na nimekuona muda wote unavyopisha watu. Lete, mama. Tarehe ya mhuri sijaibadilisha, bado ni ya leo. Sitaki mtu akae ndani kwa sababu ya wema wako.”

Akapitisha mkono chini ya kioo, mhuri umeshalowa wino.

Nje, mama mkwe alikuwa amesimama, anachungulia.

Ndani, mkwewe akaishindilia bahasha chini kabisa ya mkoba, akavuta zipu, akatoka.