Rimu za Kromu

Fundi Mulenga alizigonga njiti za gurudumu kwa spana, moja baada ya nyingine, akisikiliza. Zote ziliitika sauti moja. Alihangaika sana kupata rimu zile za chuma, na tairi zenye meno ya kushika vumbi la njia ya Kipushi. Pikipiki ile kuukuu marehemu baba yake aliitumia kwenda kazini mgodini. Mulenga alikuwa amemuuzia patron, tajiri wa mjini, na tajiri huyo akaahidi kuirudisha barabarani.

Patron akaingia uani, akazipita zile rimu za chuma. Akaonyesha kwa kidole rimu za kromu zilizotundikwa ukutani na tairi za ubavu mweupe, laini kama sahani.

“Tuweke hizi, Papa Mulenga.”

“Patron, tairi hii ni ya kuangalia tu. Mvua ikinyesha, itakuangusha.”

“Itaniangusha wapi? Haitatembea. Itakaa mu restaurant yangu, pa mulango, bantu bapige foto.”

Mulenga akaipangusa spana kwa kitambaa. Asubuhi ile alikuwa ameiwasha pikipiki kwa teke moja tu. Mama yake mzee, kusikia mngurumo, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama kuelekea langoni, kama zamani mumewe alipokuwa akirudi.

“Na moteur utatoa,” patron akaongeza, akiionyesha injini kwa kidole. “Mafuta itachafua carreaux za sakafu.”

“Nitaipeleka wapi?”

“Bakia nayo. Ni zawadi.”

Mulenga aliweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa ingali na joto, na injini yenye joto haifunguliwi. Akaketi kando yake, akangoja ipoe.