Safu ya Mbele

Safu nzima ya mbele haikupiga makofi hata mara moja. Watu tisa walikaa sakafuni, viganja vimebandikwa kwenye mbao za jukwaa, nyuso kavu.

"Leo tumepatikana," mwimbaji wetu alininong'oneza.

Kwenye wimbo wa taratibu, usio na ngoma, niliacha kupiga gitaa langu la besi nifute jasho. Viganja vyote vikainuka kwa pamoja. Wakanitazama mimi.

"Hao ni viziwi, kaka," mwenye ukumbi aliniambia sikioni. "Wamekuja kwa ajili yako; besi wanaisikia kwa viganja."

Miaka kumi na tisa napiga besi, na hata mama yangu huniuliza kama gitaa langu huwa limewashwa.

Nikailaza spika yangu kifudifudi juu ya mbao. Bibi wa mwisho kwenye safu alishavirudisha viganja vyake mbaoni, ananisubiri.